Dere wa Changamwe, Lori Likigoma Kuwaka kwa Baridi ya Majuu Utadu?

Ukipanda Mark X pale Bamburi ama Mtopanga, hebu cheki karibu na gia. Kuna kitufe kimeandikwa SNOW. Wenye gari wengi Kisauni hawajawahi kukibonyeza na hawana sababu ya kukibonyeza. Hicho ni cha theluji. Huku kwetu hata ile miezi ya kusi, Julai na Agosti, usiku ukishuka sana ni kama digrii 20 hivi, na hapo tayari kuna msee ashavaa jaketi kama anaenda Limuru.

Hizi gari zilitengenezewa watu wa Japani, nchi ambayo kaskazini yake kule Hokkaido watu wanachota theluji mlangoni kwa sepetu. Zikazeeka kidogo, zikapanda meli, zikashukia Kilindini. Ndivyo imekuwa miaka yote: magari yanatoka kwa baridi yanakuja kwa joto.

Siku hizi kuna safari nyingine inayoenda kinyume. Madere wa malori wa Changamwe, Jomvu na Miritini, na vijana wa Likoni waliosomea leseni juzi, wanataka kutoka kwa joto waende kwa baridi. Kanada. Poland. Ujerumani. Marekani. Pale base, kila mbogi ina msee mmoja ambaye simu yake imejaa video za malori marefu yenye kitanda ndani, friji ndani, na barabara nyeupe hadi mwisho wa macho.

Video hizo hazionyeshi saa kumi na moja alfajiri, wakati kipimo kinasoma digrii 30 chini ya sifuri, lori limelala usiku kucha, na dere anageuza ufunguo anasikia "tik" halafu kimya. Leo tuongee kuhusu hiyo "tik". Ndiyo inayotenganisha msee atakayedumu na yule atakayerudishwa, na hakuna mtu huku anayeifundisha.

KWANZA, KWA NINI MADERE WANATAKA KUHEPA?

Tusidanganyane, si tamaa tu. Kuanzia Changamwe raundabauti, upite Mikindani, Miritini, Mazeras hadi Mariakani, hii ni mitaa iliyolelewa na lori. Dere anakula, tanboi anakula, fundi wa nozo, msee wa kuziba tairi, mama wa chapati na maharagwe, mwenye gesti, muuza spea. Lori moja likisimama wiki, watu kumi wanalala na njaa nusu.

Januari 2018 treni ya mizigo ya SGR ikaanza kazi. Agosti 2019 ikaja amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na mbele ipande treni, ikatolewe ushuru bara. Mombasa ikaingia barabarani na yale maandamano ya Black Monday, kila Jumatatu watu na mabango. Kukawa na vuta nikuvute. Kabla vumbi halijatulia, 2020 ikaleta korona, na madere wetu wakalala siku na siku kwa foleni ya Malaba na Busia wakingoja kupimwa pua.

Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Watu walishangilia, na haki yao. Lakini dere aliyekaa benchi miaka mitatu alishapata somo: kazi yake inaweza kufutwa na karatasi moja. Na ukishajua hivyo, hata mambo yakirudi, jicho moja linabaki nje.

Halafu kukaja ile hewa ya Ujerumani. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kule Berlin. Mitandao ikawaka kwamba Wakenya 250,000 wanaenda kupewa kazi. Serikali ya Ujerumani yenyewe ikakanusha hiyo namba. Kilichokuwepo cha kushikika kilikuwa kidogo zaidi: madereva watano wa basi kutoka Kenya waliopokelewa Flensburg, mji wa kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kwa mradi wa majaribio. Watano. Si kwamba ni kitu kibaya, ni mwanzo mzuri. Lakini kati ya watano na 250,000 ndipo matapeli wanapojengea nyumba.

SASA TUINGIE CHINI YA BONETI

Dere wa lori la Mombasa si mjinga wa baridi kabisa. Anapanda Timboroa, pale juu zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Analala Kinungi ama Burnt Forest, asubuhi lori linakohoa moshi mweupe kabla ya kukubali. Anasema, "Leo kuna baridi." Kweli kuna baridi, ila hapo mara nyingi bado ni digrii kadhaa juu ya sifuri. Tofauti ya Timboroa na Winnipeg, mji wa Kanada, ni kubwa kuliko tofauti ya Mombasa na Timboroa. Winnipeg usiku wa kawaida wa Januari ni kama digrii 20 chini ya sifuri, na zipo siku zinazopita 30. Minneapolis, Marekani, mji wenye Waafrika Mashariki wengi, Januari 30, 2019 ilishuka hadi digrii 33 chini ya sifuri.

Pale chini mambo matano yanakugeuka kwa pamoja.

La kwanza ni betri. Betri ni kemia, na kemia ikipigwa na baridi inakuwa mvivu. Ikifika digrii 18 chini ya sifuri, betri ya kawaida inabaki na kama nusu ya nguvu zake. Ndiyo maana betri nyingi zimeandikwa herufi CCA na namba kando. Hiyo namba ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye hiyo baridi ya 18 chini ya sifuri. Dukani huku watu wanauliza bei na ukubwa tu, hiyo namba hatuiangalii. Kule ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

La pili ni oili. Siku ile betri imepoteza nusu ya nguvu, oili nayo imegeuka asali ya mvungu. Stata inasukuma injini ambayo haitaki kuzunguka. Angalia galoni la oili ya dizeli: 15W-40 ndiyo tunayoijua. Ile W ni ya msimu wa baridi. Oili ya 15W inapimwa uwezo wa kuzungusha injini kwa digrii 20 chini ya sifuri, 5W kwa 30, na 0W kwa 35. Kwa hivyo msee anayeweka 20W-50 kwa sababu "ni nzito, inalinda injini," hiyo hekima ni ya Changamwe. Ukiibeba hadi Saskatchewan unaua stata.

La tatu ni dizeli yenyewe. Ndani ya dizeli kuna nta, kama ile ya mshumaa. Kwa joto letu imeyeyuka, huioni. Baridi ikiingia inaanza kuganda vipande vidogo vidogo, dizeli inakuwa na ukungu, halafu filta inaziba. Tangi limejaa na injini inakufa kiu. Wenzetu wanabadilisha dizeli kwa msimu: Ujerumani, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari, dizeli ya kituoni inatengenezwa iweze kupita kwa filta hadi digrii 20 chini ya sifuri. Dere aliyejaza tangi Uhispania kwenye joto, akapanda kaskazini bila kuongeza ya msimu wa baridi, asubuhi anaamka na tangi la uji.

Hapo kuna kitu kitakuchekesha. Kule Marekani na Kanada, kwenye baridi kali wanatumia dizeli nyepesi, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, ama wanaichanganya na ile nzito. Ni halali na inauzwa wazi. Huku kwetu kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni kesi, na ilisumbua hadi 2018 serikali ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache. Kitendo kinafanana, huku ni wizi kwa mteja na kule ni dawa ya baridi. Dere anafaa kujua yuko wapi kabla ya kushika mtungi.

La nne ni maji. Wangapi hapa wanajaza redieta na maji ya bomba, au mbaya zaidi ya kisima cha Kisauni yenye chumvi? Huku adhabu yake ni kutu, inakuja polepole. Kule adhabu ni usiku mmoja. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na chuma hakina pa kukimbilia. Bloku inapasuka. Ndiyo sababu kulanti kule si urembo wa rangi ya kijani: nusu kwa nusu na maji safi inavumilia hadi kama digrii 37 chini ya sifuri.

La tano ni upepo wa breki. Lori linafunga breki kwa hewa, na hewa ina unyevu. Unyevu ukiganda ndani ya paipu, breki zinagoma kuachia. Ama umeegesha breki zikiwa moto na zimelowa theluji, ukavuta breki ya mkono, asubuhi viatu vya breki vimeshikana na ngoma kama vimechomelewa. Injini inaunguruma vizuri kabisa na trela haliendi popote. Na malori mapya yana AdBlue, ile maji ya kusafisha moshi, nayo huganda ikifika digrii 11 chini ya sifuri. Yana mfumo wake wa kuipasha, lakini lazima dere ajue kwamba taa ya dashibodi inamwambia nini.

KULE GARI LA ASUBUHI LINAWASHWA JANA JIONI

Hii ndiyo siri yenyewe, na haina uchawi. Wenyeji wa baridi hawapigani na gari alfajiri. Wanalitayarisha usiku.

Ukifika miji kama Edmonton ama Saskatoon utaona gari lina waya wa umeme unaning'inia puani, kama limesahau kuchomoa chaji. Huo ni waya wa heta ya bloku. Msee mmoja wa North Dakota, Andrew Freeman, alipata hataza ya heta ya namna hiyo mwaka 1949. Inapasha injini likiwa limelala, na sehemu nyingi za kuegesha kule zina soketi kwa kila gari. Unachomeka, saa chache kabla ya kuondoka injini ishapata uvuguvugu, oili imelainika, na betri inafanya kazi nusu ya ile ingefanya.

Dere wa lori anaongeza yake. Anajaza tangi jioni ili unyevu usipate nafasi ya kukaa juu ya mafuta. Anatoa maji kwenye matangi ya hewa. Anaegesha pua ya lori ikiwa imekingwa upepo. Asubuhi anageuza ufunguo nusu, anangoja taa ya heta plagi izime, ndipo anapiga stata. Haing'ang'anii: sekunde chache, pumzika dakika mbili, jaribu tena. Ikiwaka hakanyagi mafuta kwa fujo kama anaondoka stendi ya Mwembe Tayari. Anangoja presha ya oili ipande.

Halafu kuna zile ujanja za garaji zetu ambazo kule zinaua. Moja ni kupuliza etha kwenye njia ya hewa. Kwa injini yenye heta plagi, etha inaweza kulipuka kabla ya wakati wake ikavunja vyuma, ama ikakurudia usoni. Ya pili ni kuunga waya kwa betri iliyoganda. Betri iliyoisha chaji inaganda ikiwa digrii chache tu chini ya sifuri, wakati ile yenye chaji kamili inavumilia hata 50. Ukiona betri imevimba kama chapati ya maji, usiiguse na waya. Inaweza kulipuka. Ya tatu ni kuwasha moto wa magazeti chini ya tangi. Hiyo hata sitaielezea.

Na mwili wako pia ni mashine. Baridi ikichanganyika na upepo ikahisika kama digrii 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ukishuka kukagua tairi na kandambili na fulana, unacheza na vidole vyako. Lori likizima katikati ya nyika, swali la kwanza ni utakaa na joto gani hadi msaada ufike.

KUMBE JOTO LETU NDILO MUUAJI

Kabla mwenye probox yake Likoni aseme haya hayamhusu, sikia hii. Baridi huifichua betri mbovu. Inayoiua hasa ni joto. Mafundi wa betri wana hesabu yao: joto likipanda digrii 10 juu ya kiwango kilichokusudiwa, maisha ya betri yanakatwa karibu nusu. Maji yanakauka ndani, sahani zinalika. Lakini kwa sababu huku injini ni nyepesi kuzunguka, betri mgonjwa inajificha miezi. Inawasha, inawasha, halafu siku moja kwenye foleni ya feri Likoni umezima gari kuokoa mafuta, nyuma yako matatu tatu na lori la mchanga, inagoma. Watu wanasema imerogwa.

Ndiyo maana gari lililokuwa linawaka vizuri Mombasa likipelekwa Nyahururu linagoma asubuhi ya kwanza. Nyahururu haikuliharibu. Ilikuwa imekufa tangu Mtongwe. Kwa hivyo hata kama huna mpango wa majuu: pima betri mara mbili kwa mwaka, safisha vichwa vyake, kama ni ya kuongeza maji weka yale maalum, si ya kisima. Hapo umefunguliwa macho bila visa.

KARATASI NZITO KULIKO TRELA

Turudi kwa dere wetu. Tuseme amejua hayo yote. Bado leseni yake ya Kenya ya daraja la CE, pamoja na miaka 15 ya kupeleka kontena Kampala na Kigali, haimpi usukani moja kwa moja.

Kanada walijifunza kwa machozi. Aprili 6, 2018, kule Saskatchewan, lori lilipita alama ya kusimama na kugongana na basi la timu ya vijana ya hoki ya Humboldt. Watu 16 walikufa. Dereva wa lori alikuwa mhamiaji, mgeni kwa kazi, na mafunzo yake yalikuwa ya wiki mbili hivi. Alifungwa miaka 8. Haikuwa baridi iliyoua siku hiyo, ilikuwa ni mtu kuwekwa nyuma ya mzigo mkubwa kabla hajaiva. Ontario tayari ilikuwa imeanza kulazimisha mafunzo ya angalau saa 103.5 tangu 2017. Saskatchewan ikafuata Machi 2019 na saa 121.5. Hizo saa zina ada, na ada mara nyingi inatoka mfukoni mwako.

Ulaya wana cheti chao wanakiita Code 95, juu ya leseni. Kukipata kwa njia ya haraka ni mafunzo ya saa 140, na kila miaka mitano unarudi darasani saa 35. Na dere asiye raia wa Umoja wa Ulaya akivuka mipaka na mzigo lazima mwajiri wake awe amemtolea hati maalum ya udereva.

Marekani, Agosti 21, 2025 waziri wao wa mambo ya nje Marco Rubio alitangaza kusimamishwa kwa visa za kazi za madereva wa malori makubwa. Aliyeenda kwa grini kadi ana njia yake. Lakini ajenti wa kwenu akikuambia baada ya tarehe hiyo kwamba ana visa ya kazi ya lori la Texas kwa laki tatu, muulize amesoma habari lini mara ya mwisho.

MATAPELI WANAUZA JOTO KWA WATU WANAOENDA KWA BARIDI

Hapa ndipo inapouma. Mzazi Bokole anauza shamba la Kaloleni, dere anauza pikipiki, mbogi inachanga. Doo inaenda. Kisha msee anafika Januari na koti la mtumba la Kongowea, hajui heta ya bloku ni nini, mkataba unasema hasara ya lori likikwama ni yake, na lugha ya mkataba si yake. Huyo hajatapeliwa kwa kunyimwa kazi, ametapeliwa kwa kufichwa kazi yenyewe ni ipi.

Na kuna iliyo mbaya zaidi. Novemba 2025 Musalia Mudavadi, mkuu wa mawaziri na mwenye wizara ya mambo ya nje, alisema huenda zaidi ya Wakenya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi kwenye vita vya Ukraine. Wengi walipewa hadithi ya kazi za kawaida. Miezi miwili kabla ya hapo polisi walikuwa wameokoa zaidi ya watu 20 kwenye nyumba Athi River wakisubiri kusafirishwa. Kwa hivyo ukisikia "kazi ya dereva, nchi ya baridi, mshahara mkubwa, usiulize maswali," hapo ndipo unapaswa kuuliza maswali.

Uliza haya, na uandike majibu:

Moja, ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Orodha ipo wazi, usikubali picha ya cheti kwenye simu.

Mbili, nitaendesha mji gani, na Januari kule ni digrii ngapi? Poland si Winnipeg, na Flensburg iko karibu na bahari, baridi yake ni ya kadiri. Ajenti asiyejua mji hajui kazi.

Tatu, nani analipa saa za mafunzo, kubadilisha leseni na nguo za baridi?

Nne, lori likigoma kuwaka, hasara ni ya nani, na nalipwa nikisubiri?

Tano, lori lina heta ya kulalia wakati injini imezimwa? Miji mingi kule inakataza kuacha injini ikiunguruma usiku kucha.

Ajenti anayejua kazi atajibu bila jasho. Tapeli ataanza kukuita adui wa maendeleo.

SASA HUKU NYUMBANI TUFANYE NINI?

Serikali inapenda kusema Wakenya waende wakafanye kazi nje watume pesa. Sawa. Basi isiuze watu kama mahindi mabichi. Mombasa ina kila kitu cha kufundishia baridi, hata kama hatujawahi kuona theluji. Tuna bandari iliyojaa kontena za friza. Tuna maduka ya samaki. Friza ya kawaida hukaa kama digrii 18 chini ya sifuri, yaani joto lile lile betri inalopimiwa ile namba ya CCA. Chukua friza kuukuu ambayo haitawahi kuwekwa chakula tena, weka chupa ya dizeli yetu, chupa ya 15W-40 na chupa ya 5W-40. Kesho yake toa, mimina. Vijana ishirini wa Magongo watajifunza kwa nusu saa kitu ambacho maneno elfu ya ajenti hayatawaambia.

Shule za udereva zinaweza kufanya hivyo. Vyuo vya ufundi vinaweza. Vyama vya madereva, ambavyo viko mbele kuandamana barabara ikiwa mbovu, vinaweza kudai kwamba mkataba wowote wa kupeleka madere nje uwe na mafunzo hayo kabla ya ndege, na alipe mwajiri. Na wale wetu walioko Minnesota na Alberta tayari, wakirudi likizo Desemba, badala ya kutununulia soda tu wakae na vijana jioni moja wawaonyeshe picha za filta iliyoziba nta.

Kwa sababu ustadi upo. Dere anayeshusha kontena la tani nyingi Salgaa usiku bila kuchoma breki, fundi wa Changamwe anayesikiliza injini akajua nozo ya tatu ndiyo inavuja, hao si watu wa kufundishwa kazi kutoka sifuri. Wamekosa tu kipande cha chini ya sifuri, na hicho kinafundishika.

Kama una fomu ya kuenda, usianze na pasipoti. Anza na lile lori unalopanda sasa. Soma namba ya betri, soma galoni la oili, uliza redieta ina nini ndani. Ukishindwa kujibu hayo ukiwa Miritini na jua la saa sita, hutayajibu Saskatchewan na tochi mdomoni.

Wewe je, kuna dere wa kwenu ashaenda? Baridi ya kwanza ilimpata vipi?